Tairi la Nyuma Linapoteleza: Uchambuzi wa Sekunde za Kwanza za Gari la Dragi

Mbio za dragi kwa kawaida hukimbiwa kwenye mstari ulionyooka wa robo maili (mita 402) au nusu yake, na magari mawili huondoka yakiwa yamesimama. Nguvu ya injini ndiyo husifiwa zaidi, lakini karatasi ya muda anayopewa dereva baada ya kukimbia hueleza jambo jingine. Karatasi hiyo haionyeshi muda wa mwisho peke yake. Huonyesha pia muda wa kupita futi 60 za kwanza (mita 18.3), futi 330 na nusu ya njia. Huko Marekani, mchezo ulikokulia na ambako chama cha NHRA kimeusimamia tangu 1951, mafundi husoma namba ya futi 60 kabla ya nyingine zote. Sehemu ya kumi ya sekunde ikipotea hapo, kwa kawaida mwisho wa njia huwa imekua na kufikia sehemu moja na nusu au hata mbili, kwa kuwa gari lililochelewa kupata kasi hupita kila hatua inayofuata likiwa na kasi pungufu.

Tairi la nyuma likiteleza katika mita hizo za mwanzo, kila fundi huwa na mshukiwa wake: mmoja hulaumu tairi, mwingine springi, mwingine shokapu. Swali lenye manufaa zaidi ni lini tairi liliteleza. Liliteleza papo hapo mafuta yalipokanyagwa, au mita tatu mbele, au gia ilipobadilishwa, au pua ya gari ilipoanguka chini? Kila wakati una sababu zake, na dawa ya ugonjwa mmoja mara nyingi huuzidisha mwingine. Ndiyo maana fundi anayebadilisha vipuri bila kujua wakati anaweza kumaliza msimu mzima akizunguka palepale.

Msingi wa yote ni uzito kuhamia nyuma. Chukua gari la kilo 1,400 ambalo kitovu chake cha uzito kiko nusu mita juu ya lami, na umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2.75. Likiongeza kasi kwa kiwango cha 1.3 ya nguvu ya uvutano, uzito unaohama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma ni 1,400 mara 1.3 mara 0.5, kisha kugawa kwa 2.75: karibu kilo 330. Kama nyuma kulikuwa na kilo 670 gari likiwa limesimama, sasa kuna kilo 1,000. Hesabu hiyo haina springi ndani yake, wala shokapu. Springi laini za mbele huifanya pua inyanyuke sana na picha zikapendeza, lakini kiasi cha uzito kinachofika nyuma huamuliwa na urefu wa kitovu cha uzito, umbali wa ekseli na kasi inavyoongezeka. Pua ikinyanyuka, kitovu nacho hupanda kidogo na kuongeza kilo chache, basi. Kinachoamuliwa na springi, shokapu na amu ni uzito huo ufike upesi kiasi gani, na upitie wapi.

Njia ziko mbili. Sehemu moja ya mzigo hupita kwenye amu zinazounganisha ekseli na chasisi, nayo hufika mara moja, kwa kuwa chuma hakingoji. Sehemu nyingine hupita kwenye springi, nayo hufika kadiri springi inavyobonyea na shokapu inavyoruhusu. Mgawanyo kati ya hizo mbili hutegemea jinsi amu zilivyolala. Katika gari lenye ekseli ngumu na amu nne, mistari miwili ikichorwa kwa kuliangalia gari ubavuni, mmoja kupitia amu ya chini na mwingine kupitia amu ya juu, hukutana mahali fulani mbele ya ekseli. Hapo ndipo palipo na kitovu dhahania: ekseli husukuma gari kana kwamba imeunganishwa nalo kwa boriti moja ndefu inayoishia hapo.

Mahali pa kitovu hicho hupimwa kwa mstari mwingine, unaoanza pale tairi la nyuma linapogusa lami na kupanda hadi kwenye kimo cha kitovu cha uzito, juu kabisa ya ekseli ya mbele. Kitovu dhahania kikiwa juu ya mstari huu, nyuma ya gari huinuka wakati wa kuondoka na tairi hukandamizwa kwa nguvu. Kikiwa chini yake, nyuma hukaa chini, fenda ikilifuata tairi. Kikiwa kwenye mstari wenyewe, gari haliinuki wala halikai. Umbali nao una maana yake. Kitovu kilicho karibu na ekseli hupiga tairi kwa ghafla, na kilicho mbali hulikandamiza polepole.

Wengi hukosea katika hatua hii, kwa kudhani kwamba kitovu kikipandishwa zaidi, mshiko nao utaongezeka bila kikomo. Nguvu ya ziada inayolikandamiza tairi pale bodi inapoinuka ni mkopo. Bodi hurushwa juu na tairi husukumwa chini kwa kiasi kilekile, lakini hilo hudumu tu wakati bodi inaendelea kurushwa. Shokapu ikifika mwisho wa kujinyoosha kwake, bodi huanza kuivuta ekseli juu, na deni hulipwa palepale: tairi lililokuwa limekunjamana ubavuni hufunguka, huachia lami na kuzunguka bure. Gari la namna hii huondoka vizuri ajabu kwa mita mbili au tatu, kisha hulia. Fundi asiyejua hukimbilia kupandisha kitovu tena, kwa kuwa aliona jinsi lilivyoshika mwanzoni.

Kabla ya kugusa matundu ambamo amu hufungwa, yanayotumika kuhamisha kitovu hicho, hata hivyo, kuna kazi isiyo na sifa inayotatua sehemu kubwa ya matatizo. Bushi zilizokufa, rodi endi zenye mchezo na mabano yaliyopasuka kwenye weldi huifanya ekseli ihame kila gari linapoondoka, na gari lenye ekseli inayohama halipimiki. Ekseli ipimwe kutoka sehemu moja isiyosogea ya chasisi, kulia na kushoto, ili kujua kama imekaa mraba. Springi zitolewe, kisha ekseli ipandishwe na kushushwa kwa jeki katika safari yake yote, upande mmoja mmoja. Ikikwama popote, hapo ndipo tairi litakapoteleza. Shokapu zichunguzwe kama zinavuja, na ijulikane zimebakiwa na nafasi gani ya kujinyoosha gari likiwa limesimama. Shokapu iliyofungwa ikiwa karibu imenyooka yote haiwezi kusaidia chochote, hata ikiwa ya bei gani.

Tairi ndilo la kwanza kuulizwa, kwa sababu kulirekebisha ni bure. Matairi ya sleki, yasiyo na kashata, hujazwa upepo kidogo sana ukilinganisha na gari la barabarani. Yale yenye nyuzi za mshazari mara nyingi hufanya kazi kwenye psi 10 hadi 14, na tofauti ya nusu psi huonekana kwenye karatasi ya muda. Kwa hiyo geji ya kawaida ya gereji, inayofika psi 100, haifai. Inatakiwa geji ya kipimo kidogo ambayo ni ileile kila siku. Alama ambazo tairi huacha kwenye lami wakati wa kuondoka husomeka vizuri. Zikiwa nyeusi pembeni na hafifu katikati, upepo ni mdogo. Zikiwa nyeusi katikati, upepo umezidi. Mzingo wa matairi yote mawili nao upimwe kwa futi kamba, maana sleki mbili zenye namba moja ubavuni huweza kutofautiana. Katika difu iliyofungwa, ambamo magurudumu yote mawili huzunguka kwa kasi moja, gari huvuta kuelekea upande wa tairi dogo, na fundi anaweza kuhangaika na amu kwa kosa ambalo si lao. Mpira uliozeeka na kuwa mgumu haufufuliwi na springi yoyote. Lami nayo isisahaulike: kama magari yote ya upande mmoja wa njia yanateleza mchana wa jua kali, ugonjwa si wa gari.

Baada ya hapo ndipo wakati unapoanza kusomwa, na chombo bora ni kamera iliyowekwa ubavuni, usawa wa ekseli ya nyuma. Simu nyingi za sasa hupiga picha 240 kwa sekunde, na kasi hiyo inatosha. Jicho liangalie mambo mawili tu, nafasi kati ya fenda na tairi, na mikunjo ya ubavu wa tairi.

Tairi likizunguka bure mara tu gari linapoondoka, picha hutoa moja ya hadithi mbili zinazopingana. Katika hadithi ya kwanza fenda inashuka, ubavu wa tairi haukunjiki, na gari linakaa kwa nyuma huku tairi likizunguka. Hapo tairi halikandamizwi vya kutosha au linakandamizwa kwa kuchelewa. Dawa ni kupandisha kitovu dhahania au kukileta karibu, kuifanya shokapu ya nyuma iwe ngumu zaidi katika kubonyea, na kuiacha pua iinuke kwa urahisi. Katika hadithi ya pili fenda inaruka mbali na tairi, ubavu unajikunja hadi karibu na rimu, kisha tairi linadunda na kuachia, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapa pigo limezidi. Dawa ni kinyume kabisa: kushusha kitovu au kukipeleka mbali, na kuikaza shokapu ya nyuma katika kujinyoosha ili bodi iinuke kwa adabu. Kwa dereva aliye ndani hadithi zote mbili zinafanana kabisa, kwani anachosikia ni injini kupanda ghafla. Maelezo ya dereva hayatoshi kutenganisha magonjwa haya, na hili linafaa kusemwa wazi kwa kuwa gereji nyingi humtegemea yeye peke yake.

Namna ya kupeleka nguvu nayo hubadilisha jibu. Gari la klachi hupiga tairi kwa ghafla kwa sababu uzito wa flaiwili unaachiliwa mara moja, na kwa kawaida huhitaji amu zilizopangwa kwa upole zaidi. Gari la otomatiki lenye konveta hupeleka nguvu kwa ulaini zaidi na huvumilia kitovu kilicho juu. Vipimo vya gari la rafiki havinakiliwi kabla ya kujua lina giaboksi gani.

Gari likishika vizuri kisha likaachia baada ya mita chache, lile deni lililotajwa ndilo mshukiwa wa kwanza, lakini wapo wengine watatu. Wa kwanza ni sehemu ya mbele. Shokapu za mbele za zamani za dragi, zile za 90/10, zilijengwa ili zinyooke kwa urahisi na kurudi kwa uzito. Pua ikinyanyuka haraka na kufika mwisho wake kwa kishindo, gari zima hutikisika, na tairi la nyuma hupunguziwa mzigo kwa muda mfupi. Wa pili ni pua inaporudi: ikianguka badala ya kushuka, magurudumu ya mbele yakigonga lami, bodi hudunda na mzigo huondoka nyuma. Wa tatu ni vyuma vya mkia, vile vyenye magurudumu madogo vya kuzuia gari lisipindukie nyuma. Vikigusa lami kwa nguvu hubeba uzito ambao ulipaswa kubebwa na matairi. Kilo 100 zilizo juu ya vigurudumu hivyo ni kilo 100 zilizoibwa kutoka kwenye sleki. Wa tatu huyu hutambulika kirahisi, kwa kuwa mlio wa injini kupanda hulingana na alama ya vigurudumu kwenye lami.

Kurukaruka kwa ekseli ni ugonjwa wa namna yake, na historia ya magari ya Marekani imejaa mifano. Chevrolet Camaro ya 1967 ilitoka kiwandani na springi za bapa moja tu kila upande, na shokapu zote mbili zikiwa mbele ya ekseli. Nguvu ilipokanyagwa, bapa lile lilijipinda kama herufi S, pua ya difu ikapanda juu, bapa likajirudisha, likajipinda tena, na ekseli ikaanza kupiga lami. Aina zenye injini kubwa zilipewa fito ya kuizuia ekseli upande wa kulia, na mwaka uliofuata shokapu zilitenganishwa, moja ikawa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili kuua mtikisiko huo. Chrysler ilikuwa na jibu la ujanja zaidi. Ekseli yake ilikaa mbele ya katikati ya springi, hivyo sehemu ya mbele ya bapa ilikuwa fupi na ngumu na ilifanya kazi kama amu, huku sehemu ya nyuma ikibaki ndefu na laini. Springi zake za mashindano, zilizojulikana kama Super Stock, ziliuzwa za kulia na za kushoto zikiwa tofauti. Ford nayo ilikabiliana na tatizo lilelile katika Mustang zenye springi za koili, na katikati ya miaka ya 1980 ikaongeza shokapu mbili za kulala ili kuzuia ekseli isijizungushe.

Katika gari la springi za bapa, basi, kurukaruka hutibiwa kwa kuzuia bapa lisijipinde: fito zinazogusa sehemu ya mbele ya springi, au vibano vinavyoyafunga mabapa pamoja mbele ya ekseli. Katika gari la amu nne, dalili hiyohiyo karibu kila mara hutokana na bushi za mpira zilizolegea au shokapu zilizokufa. Pembe ya pinioni hutajwa sana katika mazungumzo haya, na sifa inayopewa ni kubwa kuliko kazi yake. Pinioni huinamishwa kidogo gari likiwa limesimama kwa kuwa itapanda nguvu ikija: nyuzi moja hadi tatu kwa amu nne, na zaidi ya hapo kwa springi za bapa. Lengo ni propela shafti na pinioni vikae sambamba na giaboksi wakati wa mzigo, krosi zisife. Kuinamisha pinioni hakuliongezei tairi uzito.

Suala la kulia na kushoto linastahili nafasi yake, maana hapa gari hupotea njia hata kama matairi yanashika. Kwa mtu anayelitazama gari kutoka nyuma, propela shafti huzunguka kinyume cha saa, na ekseli nzima hutaka kuzunguka upande huohuo: tairi la kushoto hukandamizwa, la kulia huinuliwa. Injini ya nyutoni-mita 600 katika gia ya kwanza ya 2.5 hupeleka nyutoni-mita 1,500 kwenye shafti. Matairi yakiwa yameachana mita 1.5, hiyo ni nyutoni 1,000, karibu kilo 100, zinazoondolewa kulia na kuongezwa kushoto. Injini yenyewe huizungusha bodi upande wa pili, ndiyo maana gurudumu la mbele la kushoto hupanda zaidi na pembe ya nyuma ya kulia hukaa chini. Kama nyuma ya gari ni ngumu dhidi ya kulala upande, msokoto huo wa bodi hurudi kwenye ekseli na kufuta sehemu kubwa ya tofauti. Hiyo ndiyo kazi ya fito ya kuzuia kulala upande, na ndiyo maana wamiliki wengi wa magari ya springi za koili huweka mfuko wa hewa ndani ya springi ya nyuma ya kulia.

Dalili yake ni rahisi kukumbuka. Gari likivuta kulia linapoondoka, tairi la kulia lina mzigo mdogo na la kushoto ndilo linalosukuma. Katika amu nne, amu ya juu ya kulia hufupishwa kidogo, robo ya mzunguko wa nati kwa wakati mmoja, ili tairi hilo lipate mzigo kabla nguvu haijafika. Likivuta kushoto, mzigo huo umezidi. Magurudumu yote manne yapimwe kwenye mizani kabla na baada, dereva akiwa ndani na mafuta yakiwa ya kiasi cha mashindano. Aidha, ihakikishwe kwamba gari lilipangwa sawa kwenye mstari wa kuanzia. Madereva wengi hulipanga likiwa limepinda kidogo, kisha wakalalamikia amu.

Katika magari yenye nguvu nyingi huja mtikisiko wa tairi, ambapo tairi hushika, hujisokota na kuachia mara nyingi kwa sekunde, kwa nguvu inayoweza kumtia dereva ukungu machoni. Dragsta za Top Fuel huufahamu vyema, nazo hazina springi wala shokapu nyuma. Ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye chasisi yenye urefu wa inchi 300 (mita 7.62) kati ya magurudumu, na kazi yote ya kumeza pigo huachiwa tairi na kunyumbuka kwa mabomba. Huko, uchunguzi wa mshiko ni uchunguzi wa klachi na upepo wa tairi.

Kwa gari la kawaida, kipimo kinachoondoa ubishi ni kihisi cha mzunguko wa propela shafti kilichounganishwa na kinasa data. Mchoro wake ukipanda kwa mstari laini, tairi linashika. Ukiruka juu ghafla kisha kushuka, tairi liliteleza, na sekunde iliyoandikwa chini ya mruko huo ndiyo ya kwenda kutafutwa kwenye video. Mruko unaokuja palepale gia inapoingia ya pili hauhusiani na mpangilio wa kuondoka, na kuubadilisha kwa ajili yake ni kuharibu kilicho kizuri. Mchoro ukilala bila mruko, huku injini nayo ikishuka mizunguko, tairi limeshika kupita uwezo wa injini, na hapo muda mbovu wa futi 60 hautokani na kuteleza hata kidogo.

Mabadiliko hufanywa moja kwa wakati, upepo wa tairi kwanza, kisha shokapu, kisha mzigo wa upande, na matundu ya amu mwisho, kwa kuwa kuhamisha tundu moja hubadilisha mambo matatu kwa pamoja: kimo cha kitovu, umbali wake, na pembe ya pinioni. Kila kukimbia huandikwa pamoja na joto la lami. Picha ikionyesha fenda imetulia, ubavu wa tairi umekunjika kwa wastani, mizani imelingana na gari limenyooka, lakini mchoro wa shafti bado unaruka, basi nguvu ni kubwa kuliko tairi na lami ya siku hiyo. Kilichobaki ni kupunguza msokoto katika sekunde ya kwanza, kwa kuchelewesha cheche za plagi au kuondokea kwenye mizunguko ya chini zaidi, na kuurudisha kidogo kidogo mpaka mchoro uanze kuruka tena.